Mfinyanga Mashujaa Ajulikane Kwao Kwanza
Wito kwa wana Simiyu

Ndugu zangu wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, nawaandikia kuhusu mtu ambaye wengi wetu tunampita kila siku bila kumsemesha. Mchana huenda ni fundi baiskeli, au anauza katika duka la mjomba wake huko Somanda, au ni mwanafunzi wa sekondari. Jioni, kazi zikiisha, anatoa kopo lake lenye vipande vya waya, ndala zilizokatika, tyubu kuukuu na chupa za rangi ya kucha, anaketi kwenye kigoda na kuanza kuunda watu. Ni watu wadogo wenye urefu wa kiganja: askari, mcheza ngoma, mwindaji, shujaa wa sinema aliyemwona kwenye kibanda cha video. Mikono yao inakunjika, shingo zinageuka, goti linapigwa chini. Hawauzi. Akimaliza mmoja, anamweka juu ya kabati na kuanza mwingine.

Huyo ndiye ninayemwombea leo. Tumtambue sisi majirani zake, kabla hajalazimika kupanda basi kwenda kutafuta kutambuliwa Mwanza au Dar es Salaam. Tuijue kazi yake, tuiulizie, tuinunue, tuipe meza mahali ambapo watu wanapita. Sisemi hivi kwa kumhurumia. Nasema hivi kwa sababu kazi anayoifanya ni yetu sote, na tukimwacha peke yake tutakaopoteza ni sisi.

Kazi yenyewe

Wengi wanaoidharau kazi hii hawajawahi kuishika mkononi, basi tuanzie hapo. Chukua sanamu ya mtu mzima yenye urefu wa sentimita 15. Kichwa chake hakipaswi kuzidi sentimita 2 hivi, maana mwili wa mtu mzima ni sawa na vichwa vyake saba au zaidi kidogo. Ukikosea kipimo hicho, shujaa wako atafanana na mtoto mchanga aliyevaa mavazi ya vita. Kijana wetu hana rula maalumu wala hakusomea. Anapima kwa kucha ya kidole gumba, na hakosei.

Mifupa ni waya laini wa kufungia nondo, uliokunjwa mara mbili na kusokotwa. Nyama ni vipande vya gazeti vilivyolowekwa kwenye gundi ya wanga wa muhogo, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka linasubiri la chini yake likauke. Wengine hutumia soli za ndala: zinakatwa kwa wembe, zinasuguliwa kwa msasa, taratibu bega linatokea, kifua kinatokea, msuli wa paja unatokea.

Ugumu mkubwa uko kwenye kiungo. Mkono ukilegea unaanguka, na ukibana mno unakatika. Fundi anatoboa mabega kutoka upande huu hadi upande wa pili, anapitisha uzi wa mpira aliouchana kwenye tyubu ya baiskeli, anauvuta, kisha anaufunga kwenye mkono wa pili. Mpira ule unaivuta mikono yote miwili kuelekea kifuani. Kwa hiyo ukiunyanyua mkono wa shujaa, unabaki ulipouacha. Midoli midogo ya askari iliyotolewa na kampuni ya Hasbro ya Marekani mwaka 1982 iliuzwa dunia nzima, na ndani ya kiuno cha kila mmoja kulikuwa na pete ya mpira iliyounganisha kiwiliwili na miguu kwa kanuni hiyohiyo. Kijana anayeifikia kanuni hiyo nyuma ya nyumba yao, kwa kujaribu na kuharibu na kujaribu tena, tayari anafikiri kama mhandisi.

Mwisho ni rangi, na mwisho wa rangi ni macho. Yanapakwa kwa ncha ya njiti ya kiberiti iliyochongwa, fundi akiwa amebana pumzi. Macho yote mawili sharti yatazame upande mmoja. Rangi ikiteleza kidogo tu, uso unafutwa na kazi inaanza upya. Ukimwona kijana amefuta uso mara kadhaa kwa ajili ya sanamu ambayo hakuna mtu aliyemwagiza, ujue una fundi mtaani kwako.

Duniani kazi hii ina watu wake. Tangu Hasbro ilipotoa askari wake wa kwanza wenye viungo mwaka 1964, wapo watu wazima, wenye kazi zao na familia zao, wanaokaa jioni wakivunja midoli ya viwandani na kuiunda upya: wanabadilisha uso, wanafinyanga silaha, wanashona nguo, wanamtengeneza shujaa ambaye hakuna kiwanda kilichomfikiria. Hukutana kwenye maonyesho, huuziana na kuagizana. Baadhi wamepata kazi kwenye viwanda vilevile ambavyo bidhaa zake walizivunjavunja. Walianza kwa kupenda tu, na kilichowainua ni watu waliosimama kutazama.

Si kazi ya kigeni kwetu

Anayedhani mambo haya ni ya Wazungu apite kwenye lambo lolote la Simiyu mvua zikishanyesha. Atawakuta wachungaji wadogo wamekaa kwenye tope, kila mmoja na kundi lake la ng'ombe wa udongo. Mtoto wa Kisukuma hafinyangi ng'ombe tu. Anafinyanga dume lenye nundu na shingo iliyoning'inia, ng'ombe wa maziwa mwenye kiwele, ndama, fahali mwenye pembe zilizopinda. Anajua kuwatofautisha kwa sababu anaishi nao. Yule yule mwaka mwingine atasuka gari la waya lenye magurudumu ya ndala na usukani mrefu wa mti, litakalokata kona akiwa amesimama wima. Hakuna aliyemfundisha darasani. Alimwona kaka yake.

Nenda nyuma zaidi. Ngoma za mashindano za Usukumani, zile za Wagika na Wagalu, zinajulikana kwa sharti moja ambalo wageni wengi hulistaajabia: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja, na watazamaji wako huru kuhama. Mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa. Ndiyo maana kila kundi lilitafuta kitu cha kuwashangaza watu. Wacheza Bugobogobo walirusha majembe. Wacheza Bayeye walicheza na chatu hai. Na yapo makundi yaliyoingia uwanjani na sanamu za mbao za watu na wanyama, nyingine zenye viungo vinavyocheza, zikiinuliwa juu ya vichwa ili waliokuwa wakitazama kundi la pili wageuke na kukimbilia upande huu. Baadhi ya sanamu hizo leo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Ulaya. Hapa karibu, Makumbusho ya Wasukuma kule Bujora, Kisesa, yaliyoanzishwa na Padre David Clement, yanatunza sehemu ya urithi huo.

Kwa hiyo kijana mwenye kopo lake la waya ana ukoo mrefu. Babu zake walijua kuunda mtu wa mbao anayecheza, na walijua kwamba sifa ya fundi inatolewa na miguu ya watu wanaohama kumfuata. Hilo la pili ndilo tulilolisahau. Tunangoja mtu wa mbali atuambie kwamba cha kwetu ni kizuri.

Waliosimama wakatazama

Mwaka 1997, katika kisiwa cha Kiwayu, kaskazini mwa Lamu, Julie Church alikuwa akifanya kazi ya hifadhi ya bahari. Ufukwe ulijaa ndala zilizoletwa na mawimbi kutoka nchi za mbali. Akawaona watoto wa kijijini wakiziokota na kuzichonga kuwa vidude vya kuchezea. Hakupita. Alisimama, akatazama, akazungumza na akina mama wa pale, wakaanza kuziokota na kuzichonga kwa ajili ya kuuza. Kutokana na mwanzo huo ikazaliwa Ocean Sole, ambayo leo inachonga twiga, tembo na kobe kwa ndala zilizotupwa na kuwauza nchi nyingi. Msingi wake ni mchezo wa watoto.

Nairobi alikulia Cyrus Kabiru. Akiwa mtoto alitamani sana miwani, baba yake akamkatalia na kumwambia akiitaka aitengeneze mwenyewe. Akaitengeneza. Aliendelea kuunda miwani kwa waya, vifuniko vya chupa na vyuma chakavu, na watu walioiona njiani wakaitaka. Leo miwani hiyo inaonyeshwa kama kazi ya sanaa katika mabara mbalimbali.

Na hapa kwetu Tanzania yupo Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyefika Dar es Salaam kutafuta riziki kwa kazi za mikono. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama kwenye vipande vya mbao bandia kwa rangi ya mafuta, ile ya kupaka baiskeli. Mkewe Agatha alisaidia kuuza picha hizo. Alifundisha ndugu na marafiki. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kuchora, lakini jina lake limekuwa jina la mtindo mzima unaolisha familia nyingi hadi leo. George Lilanga naye, aliyetoka upande wa Masasi, aliingia Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam kama mlinzi. Waliokuwa pale wakaiona mikono yake, wakampa nafasi ya kufanya kazi. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, na alipofariki mwaka 2005 alikuwa miongoni mwa wasanii wa Tanzania wanaojulikana zaidi duniani.

Katika habari zote hizi kuna fundi, na kando yake kuna mtu wa pili: mke aliyesaidia kuuza picha, mwenzake aliyemwona mlinzi akiwa na kipaji, mpita njia aliyesimama ufukweni. Mtu huyo wa pili hakuwa na fedha nyingi wala cheo kikubwa. Alikuwa na macho, na aliyaamini. Naomba watu wa Simiyu tuwe mtu huyo wa pili.

Mashujaa wanaotungoja

Nimesema kazi hii ni yetu sote. Fikiri watoto wetu wanacheza na nani. Sokoni Bariadi utapata midoli ya plastiki iliyosafiri kutoka China, mingi ikiwa ya mashujaa wa sinema za Marekani. Sina ugomvi nayo. Mtoto kumpenda shujaa wa mbali si dhambi. Tatizo ni mtoto kukua akidhani ushujaa wote uko mbali.

Usukuma una shujaa ambaye bibi zetu walitusimulia: Masala Kulangwa. Zimwi liitwalo Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yote. Akasalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto alipokua alimuuliza mama yake watu wako wapi, akaambiwa wamemezwa. Akaenda kuwinda. Akaua panzi, akamuuliza mama kama ndiye Shing'weng'we, akaambiwa siye. Akaua ndege, siye. Akaua mnyama, siye. Akaendelea hivyo hadi siku alipokutana na zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, na baba yake na watu wote na ng'ombe wote wakatoka. Wakati wa kupasua, kisu kilimjeruhi bibi kizee mmoja, naye akakasirika mno. Kijana hakujitetea kwa kusema amewaokoa. Akatafuta dawa, akamtibu, wakapatana. Ndipo wakamfanya mtemi.

Niambieni, ni sinema gani ina shujaa bora kuliko huyo? Anauliza maswali. Hachoki kujaribu. Akishinda, anamuuguza aliyeumia kwa ushindi wake. Sasa mfikirie akiwa na urefu wa sentimita 15, mkono wa kulia ukishika mkuki na kuweza kuunyanyua, na pembeni yake Shing'weng'we mwenye tumbo linalofunguka, ndani yake kuna watu wadogo na ng'ombe. Mtoto wa darasa la pili akipewa seti hiyo atakisimulia kisa chote bila kukikariri, kwa sababu mikono yake itakuwa inakisimulia.

Wako wengine. Yupo Ng'wanamalundi, ambaye sifa zake za maajabu zilienea Usukuma mzima hadi utawala wa Wajerumani ukamkamata. Yupo mcheza Bugobogobo na jembe lake hewani. Yupo mcheza Bayeye na chatu shingoni. Yuko mama mwenye mzigo wa pamba kichwani na mtoto mgongoni, katika mkoa unaoongoza nchini kwa zao hilo. Taifa zima linaijua Bariadi kwa pamba, kwa ng'ombe na kwa simulizi za kutisha za kijiji cha Gamboshi. Sisi tunaoishi hapa tunajua kwamba hazina yetu ya masimulizi ni pana na ina nuru kuliko hofu wanayotusimulia wengine. Anayeweza kuitoa hazina hiyo vinywani mwa wazee na kuiweka mikononi mwa watoto ni huyu kijana wa kopo la waya.

Yanayosemwa kumpinga

Nayasikia yanayosemwa, na ninayaheshimu, kwa hiyo nitayajibu.

Kuna wanaosema: mtu mzima na midoli! Aoe, alime, atafute kazi ya maana. Wazazi wangu, mchonga vinyago wa Kimakonde anachonga watu wadogo na hakuna anayemwambia anacheza. Mfinyanzi wa vyungu hatukumcheka kamwe. Umri haupimwi kwa ukubwa wa kitu mtu anachokitengeneza. Na kijana anayekaa nyumbani jioni akisugua bega la sanamu kwa msasa hayuko mahali ambapo mzazi angeogopa awepo.

Kuna wanaoogopa sanamu zenyewe. Huku kwetu hofu hiyo haitokani na ujinga. Tumeishi na madhara ya tuhuma za uchawi, na vikongwe wasio na hatia wamelipa kwa maisha yao. Mtu akiona vijitu vimepangwa juu ya kabati la kijana mpole asiye na maneno mengi, minong'ono inaweza kuanza haraka. Dawa yake ni kazi hii kutoka gizani. Ikionekana sokoni na shuleni, watoto wakiishika na kuichezea, wachungaji, mapadre na masheikhe wakialikwa kuiona, hakuna atakayebaki na neno. Kumtambua kijana huyu hadharani ni kumlinda pia.

Kuna wanaouliza inalipa nini. Leo, kidogo sana. Lakini vijana wa Maswa walipoanza kutengeneza chaki, na wenzao wa Meatu walipoanza kusindika maziwa, nako kulikuwa na watu walioguna. Kilichozitoa bidhaa hizo ni uamuzi wa mkoa wa kuzitaja, kuzionyesha na kuzinunua. Soko halikuanguka kutoka mbinguni. Lilijengwa na watu wenye majina, kwa uamuzi wao.

Ninachoomba, kwa kila mmoja

Mzazi, omba uione kazi ya mwanao. Ketini pamoja, akuonyeshe kiungo kinavyofungwa. Muulize huyu ni nani, anapigana na nani, kwa nini. Usimpe sifa za jumla. Mwambie unachokiona: bega hili limekaa vizuri, uso huu una huzuni. Kisha mpe pembe moja ya nyumba yenye mwanga na hewa, maana rangi za mafuta na vumbi la msasa si vitu vya kuvuta ndani ya chumba kilichofungwa. Na msimulie hadithi alizokusimulia bibi yako. Huo ndio udongo wake halisi.

Mwalimu, mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeweka somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi, na sekondari sasa ina mkondo wa amali. Hapo una mlango uliofunguliwa na serikali yenyewe. Mwalike kijana wa mtaani aje kwa kipindi kimoja aonyeshe waya unavyogeuka kuwa mtu. Gharama yake ni gazeti la zamani na wanga wa muhogo. Watoto waunde wahusika wa kisa walichokisoma, kisha wakiigize kwa mikono yao. Na anayefinyanga nyuma ya darasa wakati wa hesabu, usimnyang'anye kitu chake na kukivunja. Kichukue, kiweke mezani, umrudishie kengele ikilia, na umwambie umekipenda.

Mfanyabiashara wa Bariadi mjini, wa Lamadi, wa Mwanhuzi, tenga rafu moja. Lamadi magari ya watalii yanapita kwenda lango la Ndabaka na Serengeti, na mgeni anayetafuta kumbukumbu ya safari anakutana na vinyago vilevile anavyoviona Arusha. Mwekee mcheza Bayeye na chatu wake, kazi ya mtu wa Simiyu, yenye kikaratasi kinachotaja jina la aliyeitengeneza. Jina ni muhimu kuliko bei. Kitu chenye jina la fundi kinamrudisha mnunuzi kwa fundi.

Waheshimiwa madiwani na maafisa utamaduni, nawaomba mambo matatu. La kwanza ni meza. Uwanja wa Nyakabindi ulipokea maonyesho ya Nane Nane kitaifa kuanzia 2018 hadi 2020, na tulijionea wenyewe umati uliofurika kutazama mbegu, matrekta na mifugo. Katika maonyesho yajayo ya mkoa na wilaya, iwepo meza ya waunda sanamu, isiyolipiwa. La pili ni mashindano. Mkoa huu unajua kuandaa mbio za baiskeli na ngoma za Wagika na Wagalu. Ongezeni shindano la kumuunda Masala Kulangwa, na majaji wawe umati wenyewe, kwa desturi ya uwanja wetu. La tatu ni mikopo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha waunda sanamu kikileta maombi, kisiulizwe kama hiki nacho ni kiwanda. Kiulizwe kinahitaji nini.

Na wewe kijana mwenyewe, neno hili ni lako. Toka. Tafuta wenzako wawili watatu, maana hamko wachache, ila kila mmoja anadhani yuko peke yake. Chora jina lako chini ya unyayo wa kila sanamu, pamoja na mwaka. Shujaa wa kampuni ya Marekani mtengeneze ujifunze mkono, lakini unapotaka kuuza, unda wako. Yule ana mwenyewe kisheria. Wako analindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 tangu unapommaliza, na COSOTA wapo kukusajilia kazi, kama BASATA walivyopo kukusajili wewe msanii. Usiogope kutaja bei. Hesabu waya, rangi, wembe, kisha hesabu jioni zako, maana jioni zako nazo ni mali. Na usimwache mdogo wako anayekuchungulia mlangoni. Mwite ndani, mpe waya.

Sisi wengine wote, zaidi ya watu milioni 2 kwa sensa ya 2022, tuna kazi ndogo kuliko hizo zote. Msimu wa pamba ukifika na malipo yakitoka, kabla hatujanunua mdoli wa plastiki sokoni, tumtafute wa kwetu. Tumwagize kitu. Babu anayetaka sanamu ya fahali wake aliyekufa, aagize. Mama anayetaka binti yake awe na mdoli mwenye nywele kama zake na ngozi kama yake, aagize. Taofick Okoya wa Nigeria alipolikosa hilo madukani, mwaka 2007 alianza kutengeneza midoli ya wasichana wa Kiafrika aliyoiita Queens of Africa, na wazazi wakaipokea. Mahitaji hayo yapo Bariadi pia. Yanangoja kutajwa kwa sauti.

Wiki hii, muulize mwanao au mjukuu wako swali moja: hapa mtaani ni nani anayejua kutengeneza watu? Watoto wanamjua. Watakupeleka hadi mlangoni. Bisha hodi, jitambulishe, omba kuona, kaa mpaka akuonyeshe zote. Ukiondoka, ondoka na moja uliyoilipia bei aliyoitaja, na jina lake ulitaje kwa watu watano. Wakifanya hivyo wengi wetu, Nane Nane ijayo hatutahitaji kumwombea meza, maana umati utakuwa umekwisha kuhamia upande wake.